Imani Niliyomtungia Bibi

Tulimzika Mama Neema mwezi uliopita, siku ya mvua nyembamba isiyolowesha wala kukatika, na tulipotoka makaburini tukarudi katika ukumbi wa Fisksätra, kitongoji cha Stockholm, ambao ushirika wetu wa Waswahili umeukodi tangu nikiwa msichana. Kulikuwa na pilau la Wakenya, sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na samaki wa Wakongo, na kahawa ya Waswidi ambayo sote siku hizi tunainywa kana kwamba tuliachishwa nayo ziwa. Mchungaji wetu wa sasa ni kijana aliyezaliwa hukuhuku, na Kiswahili chake kina mwimbo wa Kiswidi. Aliniinamia nikiwa nimeshika sahani, akasema kwa adabu, "Shangazi Wakio, baada ya chakula utatupa ule ushuhuda wa Bibi kiziwi? Vijana hawajausikia kutoka kinywani mwako." Nikatabasamu. Mimi ni hodari wa kutabasamu, na ndiko kulikoniponza. Nikaiweka sahani mezani. Upande wa pili, karibu na makoti, alikuwa ameketi Kilonzo, Mkamba mwenzetu ambaye kwa miaka ishirini na minne nimemkwepa kwa ufundi mkubwa: akija ibada ya asubuhi, mimi nakwenda ya jioni. Safari hii hapakuwa na pa kukwepea, na aliyenifunga ulimi tulikuwa tumetoka kumfukia.

Mwaka yalipotukia hayo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikikodi chumba kwa Mama Neema. Yeye alikuwa Mkongo wa Uvira, aliyekuja Stockholm kama mkimbizi pamoja na mumewe na binti yao mmoja. Mume alifanya kazi ghalani kule Jordbro, akiondoka kabla hatujaamka, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake: Mama Neema, mtoto Neema aliyejibu Kiswahili cha mamake kwa Kiswidi, mimi, na tangu mwezi wa pili, Bibi. Bibi alikuwa mamake Mama Neema. Alizaliwa kiziwi, hakuwahi kukanyaga shule, hakujua kusoma hata herufi moja. Alizungumza kwa mikono, kwa ishara ambazo yeye na watu wa nyumba yake walizitunga wenyewe kule Uvira, na ambazo hazikujulikana popote pengine duniani. Bintiye alikuwa mtu anayegusa kidevu, kwa sababu ya kovu. Aliyekufa alikuwa kiganja kilichopinduliwa. Niliishi nao, nikazijua za kula, kulala, baridi, na nyamaza. Jikoni Bibi alipenda kuketi ameweka kiganja juu ya meza, na kwa mtikisiko tu alikwambia nani anapita kwenye korido, na kwamba watoto wa ghorofa ya juu wameanza mbio zao. Akicheka, alitoa sauti nzito ambayo mwenyewe hakuijua, na Neema alicheka naye. Leo nikifunga macho naona zaidi ya yote ile meza, kitambaa chake cha plastiki chenye picha za malimau, na viganja vya Bibi juu yake.

Alhamisi jioni somo la Biblia lilikuwa kwetu, sebuleni. Mchungaji wa wakati huo, nitamwita Ezekieli, alikuwa mtu wa Kigoma, mrefu, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Nisije nikamsingizia ubaya: mtu akilazwa hospitali, Ezekieli ndiye aliyefika na supu katika chupa ya chai, hata kama ni mabasi matatu. Lakini mwaka ule alikuwa ameshikwa na jambo moja, halimtoki: hatima ya waliokufa bila kuisikia Injili. Wako wapi? Alisema wamepotea. Alisema imani mlango wake ni sikio, na ambaye neno halikumfikia hana kitu cha kushika siku ile. Watu waliuliza, wengine kwa sauti ya kubembeleza, kuhusu mababu waliokufa kabla ya makanisa. Hakulegeza. Nami nilikuwa nikimtazama Mama Neema, ambaye alikuwa akipakua chai huku mamake ameketi kwenye kiti cha pembeni, akitabasamia midomo yetu inayochezacheza. Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba. Nilimsikia Mama Neema akiomba upande wa pili, Kifuliiru cha kwao kikichanganyika na Kiswahili chao, ambacho "ndiye" na "ndipo" zetu huwa "njo" tu: "Weye njo ulimufunga masikio. Weye njo ulimufunga. Sasa utamuuliza nini?" Halafu mwezi wa nne daktari akasema moyo wa Bibi umechoka, na hilo swali likaacha kuwa la Alhamisi tu.

Mama Neema alitaka mamake abatizwe kabla hajafa. Ezekieli alisema yuko tayari, ila mtu mzima habatizwi bila kusailiwa na kukiri mwenyewe, na bintiye haruhusiwi kumjibia, kwa sababu mtoto hamtolei mzazi ushahidi. Atafutwe mtu wa nje anayejua lugha ya ishara. Na hapo wote wakanigeukia mimi. Mimi nilikuwa msaidizi katika shule ya chekechea yenye watoto viziwi, na ushirika mzima ulijua kwamba "Dada Wakio anasoma lugha ya viziwi." Kwa akili zao, lugha ya viziwi ni moja dunia nzima, kama vile njaa ni moja. Hakuna aliyejiuliza mwanamke wa Uvira angejuaje ishara za Kiswidi. Na ishara zenyewe nilizokuwa nazo, Mungu anisamehe, zilikuwa maziwa, keti, vaa viatu, na kojoa kwanza tutoke. Ningeweza kusema hivyo. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini katika ushirika ule wa watu wenye digrii na watu wenye makovu, mimi nilikuwa sina lolote la kusifiwa nalo, na siku hiyo wazee waliniita mtaalamu. Nikatabasamu. Ukishayavulia maji nguo, sharti uyakoge.

Usaili ulifanyika Jumamosi mchana. Sebule ilikuwa imesafishwa mpaka inanuka sabuni. Ezekieli alikaa na mzee mmoja wa kanisa, Bibi mbele yao akiwa na kitambaa kipya kichwani, mimi kwenye kigoda kati yao, na Mama Neema amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia la vikombe. "Muulize," Ezekieli alisema taratibu, "kama anajua kwamba Mungu yupo mbinguni." Mikono yangu ilikuwa ya baridi. Nikanyoosha kidole juu. Bibi akatazama dari, akaweka kiganja kwenye mkono wa kiti, akatulia, kisha akanionyesha: wadogo wale, wanakimbia, kila siku, kila siku. Alikuwa akiwasema watoto wa ghorofa ya juu. Mchungaji akaniuliza, "Amesemaje?" Nikasikia sauti yangu ikisema, "Anasema yupo juu kila siku." Mzee wa kanisa akavuta pumzi. Kisha Bibi akaulizwa kama anajutia dhambi zake. Nilipinda uso, nikajipiga kifua, na Bibi akanipindia uso vilevile kwa huruma, akagusa kifua chake kuniuliza kama kinauma. "Anasema moyo unamuuma." Swali la mwisho lilikuwa kama anampokea Yesu. Sikujua hata pa kuanzia. Nikafungua tu mikono yangu miwili mbele yake, naye akaishika yote, akaipasha joto kati ya viganja vyake, kisha akaipeleka kinywani mwangu: kula, mwanangu, una njaa. Nikasema, "Anampokea." Ezekieli alilia. Namkumbuka akifuta macho kwa upande wa ndani wa kiganja, jitu zima lile. Na mlangoni vikombe havikulia hata kidogo, kwa jinsi Mama Neema alivyosimama tuli.

Siku ya ubatizo nilijua nimefanya kitu kibaya. Walimtelemsha Bibi ndani ya maji akiwa amevaa gauni jeupe, na yeye hakuelewa kwa nini mtu anaoshwa na nguo zake mbele ya watu. Alishika ukingo. Akapiga ile sauti yake nzito, mara moja, na watu wakaitikia "Amina!" wakidhani ni furaha. Hakumtazama Mchungaji, alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu wa nyumbani aliyekuwa karibu. Nikaingia majini na viatu vyangu, nikamshika kiuno, nikamwonyesha ishara ya nyamaza. Hiyo ndiyo ishara pekee niliyompa siku ile ambayo yeye na mimi tuliielewa sawasawa.

Jumapili iliyofuata ndipo mambo yalipoharibika kweli. Ezekieli alipanda mimbarani na Bibi wangu mkononi, yaani na ushahidi wangu. "Ndugu zangu," alisema, "mama huyu hana masikio, hana shule, hana kitabu. Na Mungu amemfikia! Ameonyesha juu kwa mkono wake! Sasa niambieni, ni nani aliyekufa milimani akiwa na masikio mawili mazima atakayesema hakupewa nafasi? Hana udhuru. Hata mmoja hana udhuru." Nilikaa pale nikitazama nimefanya nini. Kabla ya hapo, watu wangeweza angalau kunong'ona kwamba Mungu ana huruma na wasiosikia. Mimi nilikuwa nimeuziba huo ufa wa mwisho. Safu mbili mbele yangu alikuwa Kilonzo na mkewe, mwenye mimba ya kujifungua wakati wowote. Kilonzo alikuja Sweden kusomea uhandisi, mtu wa utani mwingi, mcheshi wa kila harusi. Nilimwona akiinamisha kichwa, na shingo yake ikabaki hivyo mpaka baraka za mwisho. Hakufanya utani tena mlangoni.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama Neema jikoni akichambua sombe. Nikamwambia yote, nimesimama, bila hata kuvua koti: kwamba Bibi hakusema vile, kwamba nilitunga. Hakuinua macho. "Weye unazani mimi sikuona?" alisema. "Ile mikono ni ya mama yangu. Njo luga yangu ya kwanza. Nilijua kusema na mikono mbele ya kujua kusema na kinywa." Nikamuuliza kwa nini alinyamaza basi. Akatupa bua kwenye ndoo. "Nilisema, kama mimi nitanyamaza, na weye utanyamaza, pengine Mungu naye atanyamaza." Nikamwambia lazima niende kwa Mchungaji. Hapo akaniinukia, majani yakamwanguka mapajani, akanishika mkono kwa nguvu niliyokuwa siijui. "Mama iko mu kile chumba, anakufa. Bakimuondoa mu kitabu cha babatizwa, mimi nitamuzika na nini? Usimwambie mutu. Kama mimi nimekufa, njo useme. Mbele ya ile, hapana." Nilikuwa mpangaji wake, nilikuwa nimekula chakula chake, na nilikuwa mwoga. Nikaapa. Nimejiuliza mara nyingi ni lipi kati ya hayo matatu lililoniapisha, na jibu hubadilika kulingana na jinsi ninavyotaka kulala.

Mke wa Kilonzo alijifungua mtoto wa kiume wiki hiyohiyo. Hapa Sweden mzazi hupewa miezi mitatu kupeleka jina la mtoto kwenye ofisi ya kodi, na kwa Wakamba jina la mwana wa kwanza halitafutwi, lipo: ni la babu mzaa baba. Basi ushirika mzima ulijua mtoto ataitwaje, au ulidhani unajua, na wiki zikapita mtoto anaitwa "Mzee" tu, kwa kungoja. Mwezi wa tatu ulipokuwa unaishia, Kilonzo alikuja Fisksätra baada ya kazi. Alikuwa na ile karatasi ndani ya koti, imekunjwa mara nne, sehemu ya jina ikiwa tupu. Mama Neema alimpakulia chakula, yeye hakukigusa. Mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa wazi nusu, tukimsikia akihema.

"Dada Wakio," alisema, "nisaidie tu kwa jambo moja. Wewe ulikuwa hapo. Babangu alikufa mwaka mmoja kabla mwinjilisti wa kwanza hajafika bonde letu. Mwaka mmoja. Alikuwa mtu mzuri, lakini Mchungaji ameniambia jina la aliyepotea ni mzigo, mtoto asibebeshwe. Nimekataa kichwani, lakini roho haikatai. Sasa niambie. Yule nyanya wa huko ndani, kweli alielewa? Kwa sababu kama hakuelewa, basi Mungu alimpokea hivyohivyo, na babangu pia ana njia. Lakini kama alielewa..." Akaitoa karatasi, akailaza juu ya malimau ya meza, akainyoosha kwa ngumi.

Nilimtazama Mama Neema. Alikuwa amenipa mgongo, ameshika sufuria tupu chini ya bomba, maji yanajaa na kumwagika, naye hafungi. Nilitaka sana aseme yeye. Nilitaka Bibi aite kutoka chumbani, mtu ambaye hakuwahi kumwita yeyote. Neno lilikuwa moja tu, hapana, na lingempa mtoto babu yake. Kilonzo alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu aliye tayari kuamini lolote nitakalosema. Nikasema, "Alielewa." Akaitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu anayepokea bei. "Asante kwa ukweli," akasema, akakunja karatasi yake mara nne. Mtoto aliandikwa Oskar. Walilichagua kwa sababu lilikuwa halina mtu nyuma yake.

Bibi alikufa kabla ya Krismasi, akazikwa kama mbatizwa, na Mama Neema alilia kilio cha mtu aliyetulia. Sitadai kwamba hilo halikuwa kitu. Nilihama mwaka mpya, nikaenda kuishi Upplands Väsby, mwisho mwingine wa jiji, nikajifunza lugha ya ishara ya Kiswidi kwa dhati hadi nikawa mkalimani wa kuajiriwa. Miaka yote hii, katika mahakama na hospitali, sijawahi kuongeza wala kupunguza neno la mtu, na wenzangu husema nimezidi, sina hata huruma. Ushuhuda wa Bibi nao uliendelea kutembea bila mimi. Niliusikia ukisimuliwa Uppsala na mtu ambaye hakunijua, Bibi akiwa ameongezewa maono ya malaika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka ishirini na minne, na ilinirudisha katika ukumbi uleule, sahani mezani, kijana mchungaji akijaribu maikrofoni.

Sikuenda kwenye maikrofoni. Nilivuka ukumbi hadi kwenye makoti, nikaketi kando ya Kilonzo. Amekuwa na mvi, amekuwa mkimya, mtu ambaye watoto hawamkimbilii. Aliniamkia vizuri, akanipa pole ya Mama Neema. Nikamwambia, bila utangulizi, kwa maana ningeanza utangulizi nisingefika: "Ndugu Kilonzo, yule Bibi hakuelewa chochote. Hakukiri. Alisema watoto wanakimbia juu, na kwamba mimi nina njaa. Yaliyobaki niliyatunga mimi."

Watu walipita, wakachukua makoti yao juu ya vichwa vyetu. Kisha Kilonzo akauliza swali ambalo nililijua na ambalo nililiogopa kuliko jehanamu: "Siku ile nilipokuja na karatasi, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukanitazama hivi."

"Ndiyo."

Nilianza kusema habari ya Mama Neema na kiapo, akainua kiganja kunizuia. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alisema tu, "Mimi niliacha kumtaja. Mke wangu akiniuliza habari za utotoni, nilikuwa namruka mzee wangu, kama anavyorukwa mtu aliyeiba. Babangu, Wakio." Niliomba msamaha, na msamaha wangu ukabaki pale kati yetu kama chakula ambacho hakuna aliyekiagiza. Hakuuchukua, na sina hakika kwamba atauchukua.

Oskar alikuwa upande wa pili akikunja meza, kijana mrefu, mabega ya babake. Kilonzo alimwita, naye akaja akijifuta mikono kwenye suruali, akauliza kwa Kiswidi kuna nini. "Keti," babake alimwambia kwa Kiswahili. "Huyu shangazi yako ana neno la kukuambia." Basi nikalisema tena, safari hii kwa Kiswidi, kila kitu, kwa sauti yangu ya kazini kwa sababu nyingine sikuwa nayo: kwamba alikuwa na jina lililokuwa likimngoja, na kwamba mimi ndiye niliyemnyima. Oskar alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yao ina chumba ambacho hajawahi kukiona. Kisha akanigeuzia mgongo, akamuuliza babake babu huyo aliitwa nani.

"Munyao," Kilonzo akasema.

Oskar akalirudia, vibaya. Babake akamrekebisha. Akalirudia tena, likaja vizuri zaidi, na nikamwona Kilonzo akishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Kijana mchungaji alikuwa ananiita kwenye spika, Shangazi Wakio, tunakungoja, na hakuna kati yetu watatu aliyegeuka.

"Na yuko wapi sasa?" Oskar aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjikavunjika. "Babu. Kama hakusikia. Amekwenda wapi?"

Niliinamisha uso. Nimekaa katika ushirika huu zaidi ya miaka ishirini na minne, nimesikia swali hilo likijibiwa Alhamisi baada ya Alhamisi, kwa vifungu na kwa machozi, na mara moja kwa mikono yangu mwenyewe.

"Sijui," Kilonzo alimjibu mwanawe. "Lakini sogea karibu, nikwambie alivyokuwa."